Sabufa kubwa isubiri, tuanze na masikio

Ni Jumamosi jioni, Momela. Mvua imeanza kupiga bati na watu watano wamekaa sebuleni. Juu ya meza kuna simu ya zamani ya baba, ile yenye kioo kilichopasuka. Siku hizi haina laini na haipigiwi. Kazi yake imebaki moja, kuchota muziki kwenye intaneti kupitia simu mpya ya baba na kuupeleka kwenye sabufa iliyowekwa kwenye kona.

"Baba, ongeza sauti," anasema kijana wa miaka 11, mwanafunzi wa darasa la tano.

Baba anaongeza. Baada ya nyimbo mbili kijana anaomba tena. Dada yake wa kidato cha pili anaziba masikio kwa viganja. Bibi anajikongoja kwenda jikoni bila kusema neno. Mama anaangalia dirisha linavyotetemeka.

Baba naye ana jibu lake tayari. Sabufa hii imechoka. Mauzo ya nyanya msimu huu yamemwachia shilingi laki tatu, na amepanga Jumatatu apande gari la kushuka Usa River, aunganishe hadi Arusha mjini, akanunue nyingine kubwa zaidi. Rafiki yake amemshauri anunue pia kile kisanduku maalumu cha kupokea muziki wa intaneti ili simu ile mbovu ipumzike.

Kabla hajaondoka, mama anatoa wazo moja. Amwite kwanza fundi redio wa pale kijijini aiangalie iliyopo, maana fundi hatachukua laki tatu.

Wazo hilo ndilo lililookoa fedha za familia hiyo. Liliokoa na kitu kingine kikubwa zaidi, ambacho hakuna aliyekuwa akikifikiria siku ile.

Muziki unapita njia ndefu

Nyumba nyingi za Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru sasa zina muziki wa intaneti. Spotify ilifunguliwa rasmi Tanzania mwaka 2021, Boomplay na YouTube zilishazoeleka, na hata asiye na programu hizo ana nyimbo kwenye flashi au memori kadi. Mzee anataka Mbaraka Mwinshehe, vijana wanataka Joh Makini na wenzake wa Weusi waliotokea Arusha, bibi anataka kwaya za KKKT. Wote wanatumia simu moja na sabufa moja.

Tatizo huanza pale muziki unapokuwa haupendezi masikioni. Mzazi wengi hukimbilia kununua kitu kipya kinachoonekana kwa macho, yaani boksi kubwa lenye taa nyingi.

Fundi alipofika aliwaamkia wakubwa, akamwamkia na bibi kwa heshima zake, kisha akamwambia baba, "Mzee, muziki huu unapita njia ndefu kabla haujafika kwako. Tusibadilishe kitu mpaka tujue umekwama wapi."

Akawaelezea njia hiyo. Wimbo unatoka kwenye intaneti ukiwa namba tupu. Simu inazipokea namba hizo na kuzigeuza kuwa sauti. Sauti hiyo ni dhaifu, kwa hiyo inaingia kwenye amplifaya iliyo ndani ya boksi la sabufa ili ipate nguvu. Spika zinaitoa hewani. Hewa inaipeleka chumbani, ambako kuta, bati na sakafu vinairudisha huku na kule. Mwisho wa safari ni sikio la msikilizaji.

Mahali popote penye kasoro katika njia hiyo pataharibu kilichotangulia. Ukinunua kifaa cha bei kubwa cha mwanzo wa njia wakati kasoro iko mwisho, umetupa fedha.

Bando na ubora wa wimbo

Fundi alianza na simu. Alifungua mipangilio ya programu ya muziki akakuta ubora umewekwa wa chini kabisa ili kubana bando. Hilo ni jambo la busara, ila lina kipimo chake.

Wimbo unaotumwa kwa kilobiti 96 kwa sekunde hula takriban MB 43 kwa saa moja. Ukipandisha hadi kilobiti 160 unakula MB 72 kwa saa. Ukifika 320, ambao ni ubora wa juu katika programu nyingi za kulipia, ni MB 144 kwa saa.

Kwa familia inayosikiliza saa mbili kila siku, ubora wa 96 utamaliza takriban GB 2.6 kwa mwezi, na ule wa 320 utamaliza GB 8.6. Video ya wimbo hula zaidi ya hapo, hata kama hakuna anayeitazama.

Njia nafuu ni kupakua. Nyimbo ambazo familia inazirudia kila wiki zipakuliwe mara moja kwa ubora mzuri, usiku bando likiwa la bei nafuu au mahali penye waifai, kisha zichezwe bila intaneti. Programu nyingi hutoa huduma hiyo kwa anayelipia, na baadhi huitoa bure kwa nyimbo fulani.

Mzazi ajue pia kwamba zipo nyimbo ambazo haziwezi kuwa bora zaidi ya zilivyo. Zilipendwa nyingi za miaka ya 1970 zilirekodiwa kwenye kanda, bendi nzima ikipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache. Hakuna kisanduku cha leo kitakachoongeza ambacho maikrofoni haikukinasa siku ile.

Baada ya hapo fundi alichomoa Bluetooth na kuunganisha simu na sabufa kwa waya. Bluetooth ni rahisi kutumia, lakini wimbo hubanwa upya kabla ya kurushwa, na ukipita katikati ya simu na sabufa unaweza kukatika. Waya wa bei ndogo ulimaliza kukatika huko.

Sauti ilikuwa imesafika kidogo. Kijana bado alisema haisikiki vizuri.

Wati za kwenye boksi

Baba alimwonyesha fundi picha ya sabufa aliyoipenda. Boksi lake lilikuwa limeandikwa maelfu ya wati.

Fundi akacheka. Akamwomba baba asome kibandiko kilichoko nyuma ya sabufa ya zamani, pale panapoonyesha umeme inaotumia. Palisomeka wati 40. Mbele ya boksi la sabufa hiyohiyo pameandikwa 5,000.

Kifaa kinachokula wati 40 za umeme hakiwezi kutoa wati 5,000 za sauti mfululizo. Namba kubwa za kwenye boksi, ambazo mara nyingi hufuatwa na herufi PMPO, hazipimwi kwa matumizi ya kawaida. Anayenunua atafute namba inayofuatwa na herufi RMS, na akiikosa asome kibandiko cha nyuma.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji huwa hawalisemi. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa mara mbili, amplifaya inahitaji nguvu karibu mara kumi. Kutoka wati 20 kwenda wati 40 ni tofauti ndogo sana kwa msikilizaji, ingawa bei inaweza kuruka mara mbili.

Kwa nyumba inayotumia sola hesabu hiyo ina uzito zaidi. Sabufa kubwa itamaliza betri kabla ya taarifa ya habari, na taa za watoto wa kujisomea zitazimika nayo. Kwa anayetumia sola, sabufa inayopokea moja kwa moja umeme wa volti 12 hufaa kuliko ile inayohitaji kupitia inveta, kwa sababu inveta nayo hula sehemu ya umeme. Kwa aliyeunganishwa na gridi, kifaa cha kuzuia umeme unaopanda na kushuka ghafla kinaweza kuokoa sabufa, televisheni na friji kwa pamoja.

Kona, bati na mvua

Kisha fundi alifanya jambo ambalo halikugharimu hata shilingi. Aliitoa sabufa kwenye kona.

Boksi la besi likikaa kwenye kona, kuta mbili na sakafu huirudisha besi na kuiongeza. Mdundo unakuwa mwingi, maneno ya mwimbaji yanafunikwa, na msikilizaji anaongeza sauti ili ayasikie. Akiongeza, besi nayo inaongezeka. Hapo ndipo dirisha linapotetemeka na maneno bado hayasikiki.

Alisogeza boksi hatua mbili kutoka kwenye kona. Spika mbili ndogo zilizokuwa sakafuni nyuma ya kochi alizipandisha juu ya stuli, zikawa usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, zikiangalia walipo watu. Akapunguza besi kwa kitufe cha mbele.

Mama alipofunga pazia zito na kutandika mkeka sakafuni, mwangwi ulipungua. Nyumba yenye bati bila dari, sakafu ya saruji na kuta tupu hurudisha sauti kama ukumbi mtupu. Kitambaa, godoro, kochi na mkeka huinyonya.

Limebaki la mvua. Mvua ya masika juu ya bati ni kelele tosha, na hakuna muziki unaoweza kushindana nayo bila kuumiza masikio. Wakati huo ni bora redio izimwe, watu wazungumze au wanyamaze.

Ili kujaribu kazi yake, fundi alitafuta wimbo mmoja usio na maneno. Mwaka 1962 ilitoka filamu ya Kimarekani iitwayo Hatari!, ya mwongozaji Howard Hawks na mwigizaji John Wayne, ambayo picha zake nyingi zilipigwa maeneo ya Arusha, Momela ikiwemo. Mtunzi Henry Mancini aliitungia muziki, na kipande kimoja, "Baby Elephant Walk", kilitungwa kwa ajili ya tendo la watoto wa tembo. Kinafaa kupimia spika kwa sababu klarineti yake iko juu na tuba, tarumbeta kubwa la sauti nzito, iko chini kabisa. Spika mbovu hupoteza kimojawapo.

Vyote viwili vilisikika. Baba alitabasamu. Binti akasema haijawahi kusikika hivyo. Mama akaitikia.

Bibi alisema anasikia ngoma lakini filimbi haisikii. Kijana akasema, "Mimi nasikia kwa mbali."

Mkono uliochelewa kunyooshwa

Fundi alipunguza sauti hadi ikawa kama ya watu wawili wanaozungumza. Akawaambia wote wafumbe macho, kila mmoja anyooshe mkono anapousikia wimbo ukianza.

Baba, mama na binti walinyoosha mikono kwa pamoja. Mkono wa kijana ulibaki mapajani. Fundi aliongeza sauti kidogo kidogo. Mkono ulinyooshwa baadaye sana.

"Mama," fundi akasema kwa sauti ya chini, "sabufa hii ni nzima. Hapa palipobaki mimi si fundi wake."

Mama alikaa kimya, halafu akaanza kukumbuka. Tangu masika ya mwaka jana, mto wa kijana umekuwa ukikutwa na alama za majimaji yenye harufu asubuhi. Sikio la kulia likitoa usaha, bibi humwekea mafuta ya moto kidogo, unakauka, kisha unarudi. Mwalimu wa darasa alishalalamika kwamba kijana hasikilizi. Nyumbani alishachapwa mara mbili kwa kutoitikia akiitwa.

Baba aliinama. Aliyekuwa akiitwa mkaidi kwa mwaka mzima alikuwa hasikii.

Usaha sikioni haupaswi kuzoeleka

Usaha wa sikio ni miongoni mwa matatizo ambayo wazazi huyazoea kwa sababu mtoto anaendelea kucheza na kula. Mwongozo unaotumika katika zahanati kutibu watoto wadogo unaweka mpaka ulio wazi. Usaha uliodumu chini ya siku 14 ni maambukizi ya ghafla, na ukifika siku 14 au kuzidi ni maambukizi sugu.

Maambukizi hayo hutoboa ngoma ya sikio, kile kiwambo chembamba kinachotetemeka sauti inapoingia. Kiwambo chenye tundu hakitetemeki vizuri, hivyo sauti hufika ndani ikiwa dhaifu. Mtoto wa namna hiyo husikia sauti kubwa na hukosa ya kawaida. Ndiyo maana huomba redio iongezwe, husogelea televisheni, na huitikia akiitwa kwa ukali tu.

Tatizo la bibi ni la aina nyingine. Kwa mtu mzima, na kwa aliyeishi kwenye kelele, zinazochakaa ni chembe ndogo zenye vinyweleo zilizo ndani kabisa ya sikio. Kila sikio huzaliwa na takriban 15,000. Zikifa haziwahi kuota tena. Kwa kawaida zinazotangulia kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba, kama filimbi, ndege, na herufi s, f na sh. Mtu husikia kwamba anasemeshwa, lakini hajui kama ameambiwa shamba au samba. Kumpigia kelele hakumsaidii sana. Kinachomsaidia ni kumsogelea, kumtazama usoni na kutamka polepole.

Tofauti hiyo mzazi aielewe. La kijana lina nafasi kubwa ya kutibika likiwahiwa. La bibi halirudi nyuma, ingawa vifaa vya kusaidia kusikia vipo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto inatokana na sababu zinazozuilika. Usaha usiotibiwa ni mojawapo. Kelele nyingi nayo imo.

Jumatatu ya safari

Jumatatu baba alipanda gari kama alivyopanga, lakini safari ilianzia zahanati, akiwa na kijana. Mganga alichungulia sikio kwa kifaa chenye taa akaona tundu kwenye ngoma ya sikio.

Alimwonyesha baba jinsi ya kulikausha. Kipande cha kitambaa safi cha pamba kinasokotwa kama utambi, kinaingizwa taratibu sikioni, kinaachwa kinyonye usaha, kinatolewa, kinawekwa kingine mpaka kitoke kikavu. Kazi hiyo hufanywa mara tatu kwa siku, na dawa ya matone iliyoandikwa na mganga huwekwa sikio likiwa kavu.

Aliorodhesha na makatazo. Mafuta, maziwa ya mama, manyoya ya kuku, njiti ya kiberiti na vijiti vya pamba visiingie sikioni. Wakati wa kuoga, maji yazuiwe. Kuogelea kusubiri.

Kisha akaandika rufaa ya kwenda kliniki ya masikio, pua na koo, ili usikivu upimwe kwa mashine. Kwa wakazi wa mkoa huu, njia ya kawaida ni kuanzia zahanati au kituo cha afya, kwenda hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, na kwa matatizo makubwa KCMC, Moshi. Wanaofikia hatua ya kutosikia kabisa wanaweza kuhitaji kifaa kinachopandikizwa kwa upasuaji, huduma ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili iliianza mwaka 2017. Gharama yake ni ya mamilioni. Gharama ya utambi wa kitambaa kila mzazi anaijua.

Kelele kiasi gani inatosha

Familia ikishajua masikio yako salama, inabaki kuyalinda. Kelele hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni karibu desibeli 60.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto kipimo ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti huwa mara mbili na muda ulio salama hukatwa nusu.

Kwa mtu mzima hesabu inakwenda hivi. Desibeli 80 ni saa 40 kwa wiki. Desibeli 83 ni saa 20, na 86 ni saa 10. Desibeli 89 ni saa 5, 92 ni saa mbili na nusu, na 95 ni saa moja na robo kwa wiki nzima. Kwa mtoto muda ni mfupi zaidi.

Mzazi asiye na kipimo atumie mdomo wake. Akisimama hatua moja kutoka kwa mtu na inamlazimu kupaza sauti ili asikiwe, muziki umezidi. Mtu akitoka kwenye muziki masikio yakavuma au kuhisi yameziba, ameshayachosha. Umbali nao unasaidia. Kochi la watoto lisiwe lile lililo jirani na spika.

Spika za masikioni zinahitaji jicho la karibu zaidi, maana mzazi hasikii kinachoingia. Ushauri ni sauti isipite asilimia 60 ya mwisho wa simu. Simu nyingi zina mpangilio wa kuweka kikomo cha sauti. Mzazi aufunge kwa namba ya siri. Mtoto asilale na spika masikioni, na watoto wasiazimane, hasa mmoja wao akiwa na usaha.

Fedha iende wapi

Kwa mzazi anayetaka kuboresha muziki wa nyumbani, mpangilio wa matumizi unaweza kuwa huu.

Kwanza, masikio. Kila mtoto afanyiwe lile jaribio la fundi, na anayesitasita apelekwe zahanati. Jaribio hilo halichukui nafasi ya kipimo cha hospitali, linaonyesha tu nani apelekwe. Mtoto mdogo asiyegeuka akiitwa, anayechelewa kuongea, anayeuliza "nini?" kila mara au anayeshuka ghafla darasani, naye apelekwe bila kusubiri usaha.

Pili, chumba. Boksi litoke kwenye kona, spika zipande usawa wa masikio, pazia na mkeka vifanye kazi yake. Hatua hii ni ya bure na mara nyingi huleta mabadiliko makubwa kuliko kifaa kipya.

Tatu, umeme na waya. Kinga ya umeme kwa wa gridi, volti 12 kwa wa sola, na waya mzuri badala ya Bluetooth pale sauti inapokatika.

Nne, chanzo. Kupakua nyimbo zinazopendwa kwa ubora wa kati au wa juu.

Tano, spika. Hapa ndipo fedha ikitumika inasikika, kuliko kwenye kisanduku cha kupokea muziki. Mnunuzi aende dukani na wimbo anaoufahamu kwenye simu yake, ausikilize kwa sauti ya chini kwanza. Spika nzuri huonyesha maneno ya mwimbaji ikiwa chini. Sauti kubwa dukani huficha kasoro.

Mwisho kabisa, kisanduku maalumu cha intaneti au kifaa cha kugeuza namba kuwa sauti. Vifaa hivyo ni vizuri kwa mwenye spika za kiwango cha juu. Kwa nyumba yenye sabufa ya kawaida, simu iliyostaafu inafanya kazi ileile.

Ile laki tatu ya nyanya iligawanyika. Nauli, kliniki na dawa vilichukua sehemu. Waya, kifaa cha kulinda umeme na malipo ya fundi vikachukua kidogo. Iliyobaki imehifadhiwa, kwa sababu kliniki imemtaka kijana arudi kuangaliwa kama tundu litajifunga lenyewe au litahitaji upasuaji.

Sikio sasa limekauka. Shuleni mwalimu amemhamishia dawati la mbele. Jumamosi jioni bado kuna wakati anaomba sauti iongezwe, lakini hakuna anayemgombeza. Baba humwambia asogee kwenye kochi la katikati, na dada yake humpisha.

Sabufa ile ya zamani iko palepale, hatua mbili kutoka kwenye kona. Ikiharibika, spea zake zipo mjini Arusha. Za sikio haziuzwi.